Maharage Yaliyomwagika

Kidato cha pili, Katumba, dirisha halina kioo,
Mwalimu Anyelwisye Mwakatobe akaandika ubaoni
semi kumi za Waingereza, akazigeuza neno kwa neno
ili kwanza tucheke, ndipo tujifunze.

Kunanyesha paka na mbwa: mvua kubwa.
Tulicheka hadi Lusubilo akapaliwa.
Huku Rungwe, mwalimu, ingekuwa ndivyo
tungefagia paka mapaani tangu Novemba hadi Juni,
na migomba ingebweka.

Kupiga teke ndoo: kufa.
Hapo sikucheka. Bibi yangu alikufa amelala,
na ndoo tuliikuta mahali pake kando ya zizi,
imefunikwa jani la mgomba,
ina maziwa ya jioni.

Si kikombe changu cha chai: kitu hicho sikipendi.
Niliandika polepole,
nikiviona vidole vya mama, kucha nyeusi
kwa utomvu wa majani anayochuma tangu umande,
mizani ikimpunja mbele ya macho yake.
Chai yote ile, na kikombe kweli si chake.

Kiazi cha moto: jambo
ambalo kila anayepewa humrushia mwenzake.
Hilo nililijua kabla ya kufundishwa.
Ada yangu ilitoka kwa baba ikaenda kwa baba mdogo Kiwira,
ikatoka Kiwira ikapanda kwa shangazi Isongole,
ambako viazi halisi hufungwa lumbesa,
ikarudi nyumbani ingali inaunguza.

Ya saba, kumwaga maharage.
"Maana yake kutoa siri," akasema mwalimu,
nasi, watu wa maharage mchana na maharage usiku,
tukatazamana.
Siri gani ikae kwenye maharage?

Jumamosi ya kupika yalikwisha.
Mama hajarudi kutoka kwenye chai.
Nikapanda darini, juu ya moshi,
kushusha debe la mbegu nililokatazwa kuligusa.
Mkono uliteleza kwa masizi.
Yakamwagika yote, yale ya njano,
yakakimbilia uvunguni, mafigani, mlangoni,
na katikati yake kikaanguka kifurushi cha nailoni
kimefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu.

Mlangoni alikuwepo baba,
amerudi kutoka komoni, mapema kuliko siku zote.
Hakupiga kelele. Alisema "Kumbe,"
akafungua mafundo kwa meno,
akahesabu, akahesabu tena,
akaniachia mia tano
kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia.
Alipotoka, maharage yalilia chini ya buti zake.

Jumatatu, jaribio. Swali la saba.
Niliandika: kumwaga maharage
ni mama kufika na kikapu mgongoni,
asimame kizingitini, atazame sakafu,
asiulize.
Mwalimu akanipa nusu maksi
na wino mwekundu: *Jibu kwa ufupi.*

Kumbe nilikuwa nimefupisha.
Sikuandika kwamba nilianza kulia kabla hajasema,
nikaitoa ile ya kwetu, niliyoikariri darasa la nne:
maji yakimwagika, mama, hayazoleki.

Mama akatua kikapu.
"Hayo ni maji," akasema. "Leta ungo."

Tukapiga magoti,
tukaokota hadi koroboi ikaanza kukohoa,
punje kwa punje,
hata zile zilizopasuliwa na buti.